Kwa Nini Daktari wa Moyo Huuliza Habari za Tumbo?

Leo tunajibu swali la mama mmoja ambaye mumewe amelazwa hospitalini baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo. Anasema hivi: kila asubuhi daktari anapopita wodini, swali lake la kwanza kwa mgonjwa si la moyo. Anamwuliza kama tumbo linauma, kama ametoa hewa, kama ameenda haja kubwa. Mzee wa watu anaona haya, hasa wakwe wanapokuwa wamekuja kumjulia hali. Mama anauliza, "Kwani walimpasua moyo au walimpasua tumbo?"

Unaweza kucheka, msikilizaji, lakini hilo ni swali zuri sana. Mama huyo ameona jambo ambalo wengi hawalioni, kwamba moyo na matumbo ni majirani wa karibu. Mmoja akitikiswa, mwenzake hapati usingizi. Anayewaunganisha ni damu na presha yake.

Tuanze na upasuaji wenyewe. Ili daktari aweze kushona tundu la moyo au kubadilisha vali iliyoharibika, inambidi ausimamishe moyo. Hawezi kushona kitu kinachorukaruka. Sasa, moyo ukisimama, nani atasukuma damu? Kazi hiyo hupewa mashine ya moyo na mapafu. Damu hutolewa mwilini kwa mpira mnene, ikapitishwa kwenye mashine, ikatiwa oksijeni, kisha ikarudishwa mwilini kwa mpira mwingine. Mara ya kwanza mashine ya namna hii kutumika na mgonjwa akapona ilikuwa tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani. Daktari aliitwa John Gibbon, na mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu kwenye ukuta wa moyo. Kwa dakika 26 moyo na mapafu ya binti huyo yalitegemea mashine kabisa, naye akapona akaenda nyumbani.

Hapa kwetu Kenya upasuaji huu hufanywa katika hospitali kama Kenyatta na Mater jijini Nairobi, Moi kule Eldoret, na Tenwek kule Bomet. Wengi wanaohitaji vali mpya bado ni vijana. Waliumwa koo wakiwa watoto, koo halikutibiwa, ikafuata homa ya rumatiki, na homa ile ikatafuna vali za moyo polepole. Hayo ya koo tungeweza kuyazungumzia kutwa nzima, lakini leo tubaki na tumbo.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 za damu kwa dakika. Kiasi cha robo ya damu hiyo hupelekwa tumboni: kwenye mfuko wa chakula, matumbo, ini na wengu. Ni mgao mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Lakini tumbo lina bahati mbaya moja. Shida ikiingia, mwili hufanya kama mama mwenye nyumba siku unga umepungua. Anajua nani apewe kwanza na nani aambiwe asubiri. Ubongo hupewa kwanza, moyo hupewa, na matumbo huambiwa yasubiri kidogo. Mishipa ya damu ya tumboni hujibana ili damu iende kwenye viungo ambavyo haviwezi kusubiri hata dakika chache. Mtu akipoteza damu nyingi kwa ajali ya barabarani, ndivyo inavyotokea. Mtu akiwa kwenye mashine ya moyo, jambo kama hilo laweza kutokea pia.

Kusubiri kidogo si neno. Taabu ni kusubiri sana. Ukuta wa ndani wa utumbo una vinyweleo vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Damu huingia kwa shina la kinyweleo ikapanda hadi ncha, na ikifika ncha oksijeni imekwisha kupungua. Kwa hiyo damu ikipungua, ncha ndizo zinazoanza kufa. Seli za ukuta huu hujirudishia upya kila baada ya siku chache, na ndiyo sababu madhara madogo hupona yenyewe bila mgonjwa kujua. Lakini madhara yakiwa makubwa, ukuta huanza kuvuja. Ndani ya utumbo mnaishi bakteria wengi mno, na wakiwa humo ndani hawana ubaya, wengi wao hutusaidia. Ubaya ni sumu zao kupenya ukuta na kuingia katika damu. Mwili ukiziona sumu hizo huwaka kama moto, mishipa hulegea, na presha hushuka. Presha ikishuka, tumbo linazidi kukosa damu. Tumbo likizidi kukosa damu, ukuta unazidi kuvuja. Hapo ndipo ugonjwa wa tumbo na ugonjwa wa moyo unaposhindwa kuutenganisha.

Labda sasa unauliza, basi kwa nini madaktari wasiipandishe tu presha ikae juu muda wote wa upasuaji? Tega sikio hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Ukipimwa presha kliniki unapewa namba mbili, kwa mfano 120 juu ya 80. Ya juu ni wakati moyo unaposukuma, ya chini ni wakati unapopumzika. Mgonjwa akiwa kwenye mashine, mara nyingi damu haiendi kwa mapigo. Inatiririka mfululizo kama maji ya bomba. Kwa hiyo hakuna ya juu wala ya chini, kuna namba moja tu, presha ya wastani. Wewe mwenye 120 juu ya 80, wastani wako ni karibu 93. Mgonjwa aliye kwenye mashine kwa kawaida huwekwa kati ya 50 na 80, ikitegemea umri wake na magonjwa aliyo nayo. Usishtuke ukisikia namba hiyo. Mgonjwa amelala usingizi wa dawa, mwili wake umepozwa, na mahitaji yake yamepungua.

Sasa chukua mpira wa kumwagilia maji shambani. Ukiubana mdomo kwa kidole, maji huruka mbali, tena kwa nguvu. Presha imepanda. Lakini weka ndoo chini ya mpira huo uone kama itajaa haraka kuliko kwanza. Haitajaa haraka. Presha imepanda, maji hayakuongezeka. Ndivyo zilivyo dawa za kubana mishipa, kama noradrenalini. Zinapandisha namba kwenye skrini, na mara nyingi ndizo zinazomwokoa mgonjwa. Lakini zikimiminwa kwa wingi, mishipa ya tumbo nayo hubanwa. Skrini inaonekana nzuri, na matumbo yako kwenye ukame.

Mwaka wa 2018 madaktari wa Copenhagen, nchini Denmark, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa karibu 200. Nusu yao waliwekwa kwenye presha ya chini wakiwa mashineni, kati ya 40 na 50. Nusu nyingine waliwekwa kati ya 70 na 80, na ili kufika huko walipewa noradrenalini zaidi. Mtiririko wa damu kutoka kwenye mashine ulikuwa sawa kwa wote. Walipopigwa picha za ubongo baadaye, wale wa presha ya juu hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao. Utafiti huo ulitazama ubongo, haukutazama tumbo, lakini mimi naona unatufundisha kuacha kuabudu namba moja. Daktari mzuri wa usingizi hutazama presha, akatazama na mtiririko, wingi wa damu, mkojo, na kitu kiitwacho lakteti. Lakteti ni asidi ambayo viungo huitoa vikikosa oksijeni. Hupimwa kwa tone la damu, na ikipanda bila kushuka, kuna mahali mwilini panapolia njaa.

Ndiyo sababu chumbani mle kuna mtu ambaye jamaa za mgonjwa hawamsikii akitajwa. Si daktari wa upasuaji wala daktari wa usingizi. Ni mtaalamu wa mashine ya moyo. Anakaa karibu na mashine yake kwa saa nyingi, macho hayabanduki. Yeye ndiye anayeongeza mtiririko au kuupunguza, na ndiye anayeurudishia mwili joto polepole wakati wa kumaliza. Wakati huo wa kurudisha joto ni wa hatari kwa tumbo, kwa sababu matumbo yakianza kupata joto yanaanza pia kudai oksijeni yake yote. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu kwenye mashine ndivyo hatari inavyoongezeka.

Jambo jingine ni wekundu wa damu. Mipira ya mashine hujazwa kwanza maji ya dawa, na maji hayo huchanganyika na damu ya mgonjwa ikawa nyepesi. Mgonjwa aliyeingia na upungufu wa damu anaanza safari na mfuko mtupu. Kwa hiyo mkiambiwa mlete watu wa kutoa damu, au mgonjwa akapewa dawa za madini ya chuma wiki kadhaa kabla ya siku ya upasuaji, msidhani ni usumbufu wa hospitali. Oksijeni inayofika kwenye zile ncha za vinyweleo hubebwa na damu hiyo nyekundu.

Na wewe mgonjwa unayesubiri upasuaji, una kazi yako. Mwambie daktari kila dawa unayomeza, pamoja na mitishamba ya nyumbani. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na losartan, mara nyingi husimamishwa karibu na siku ya upasuaji kwa sababu zinaweza kuifanya presha ishuke sana na kukataa kupanda ukiwa umelala. Nyingine, kama atenolol, kwa kawaida huendelea, na kuzikatiza ghafla ni hatari. Kwa hiyo usiache wala usiendelee kwa kubahatisha, uliza dawa moja moja. Sigara uiache mapema iwezekanavyo. Na ndugu zangu wa miraa na muguka, nisameheni, lakini lazima niseme. Miraa hupandisha presha, huukimbiza moyo, huondoa hamu ya chakula, tena hufunga choo. Mtu anayekwenda kupasuliwa moyo hawezi kutafuta mwenzi mbaya kuliko huyo. Meno pia yatazamwe, kwa sababu bakteria wa jino bovu wanaweza kuishia kwenye vali mpya.

Upasuaji umekwisha, mgonjwa yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Ana mpira wa kupumulia, ana mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono unaoonyesha presha pigo kwa pigo, ana mpira wa mkojo. Tumbo limelala. Limelala kwa sababu ya dawa za usingizi, na dawa kali za maumivu kama mofini hulizidishia uzito. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia huanza kupewa chakula mapema, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, kidogo kidogo, hata kwa mrija wa puani. Chakula hicho ni chakula cha utumbo wenyewe pia, huamsha ukuta wake. Lakini yule ambaye bado anashikiliwa na dawa nyingi za kubana mishipa husubirishwa, maana kuupa utumbo kazi ya kusaga wakati hauna damu ni kumwambia mtu asiye na pumzi akimbie.

Kwa hiyo jamaa, nawaomba. Ile hotpoti ya wali na kuku mliyobeba toka nyumbani kwa upendo mwingi, mwonyesheni muuguzi kwanza. Wapo wanaomlisha mgonjwa kwa siri muuguzi akigeuka. Wanamtakia mema, na wanaweza kumtapisha na chakula kikaingia kwenye mapafu.

Na sasa, mama, hilo swali la daktari. Anapomwuliza mumeo kama ametoa hewa, anataka kujua kama matumbo yameamka. Hewa ikitoka, njia iko wazi na utumbo unasukuma. Mzee asione haya. Wodi nzima inaingojea habari hiyo kwa hamu, na naamini wakwe watasamehe.

Anapouliza kuhusu maumivu, anatafuta jambo zito zaidi. Mara chache, kwa chini ya mgonjwa mmoja katika kila mia, utumbo hukosa damu kiasi cha kuanza kufa. Ni nadra, lakini likitokea, nusu ya wagonjwa au zaidi hufariki, na kinachowaokoa wanaopona mara nyingi ni kugunduliwa ndani ya saa chache. Aliye na umri mkubwa, mwenye figo dhaifu, mvutaji wa sigara wa miaka mingi, aliyepasuliwa kwa dharura, na yule ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio wako katika hatari zaidi. Dalili yake ni ya hila. Mgonjwa analalamika tumbo linamuuma vibaya mno, na ukiligusa tumbo ni laini, kama hakuna kitu. Mtu asiyejua atasema anadeka. Baadaye tumbo huvimba, anatapika, choo kinatoka na damu. Kusubiri hadi hapo ni kuchelewa. Aliye bado kwenye mashine ya kupumulia hawezi hata kulalamika, na ndiyo maana madaktari hufuatilia lakteti yake na kulipapasa tumbo lake kila mara. Wakishuku, watampiga picha ya mishipa ya tumbo, na ikibidi watampasua tena kuondoa sehemu iliyokufa. Familia inapoitwa kutia sahihi karatasi za upasuaji wa pili hushtuka na kutaka kwenda kwanza kushauriana na wazee kijijini. Mimi nasema, shaurianeni kwa simu mkiwa hapo hapo mlangoni. Saa moja ina thamani kubwa.

Kidonda cha tumbo kinachovuja damu ni tatizo lingine, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hupewa dawa kama omeprazole siku hizo za kwanza.

Mkifika nyumbani, presha ipimwe na iandikwe kwenye daftari, muende nalo kliniki. Choo kisiwe kigumu. Kujikamua chooni hupandisha presha ghafla na hukivuta kifua ambacho mfupa wake unahitaji wiki 6 hadi 8 kuungana. Maji kwa kiasi alichoruhusu daktari, mapapai, mboga, uji usio mzito, na kutembea kidogo kidogo. Kubeba jerikeni ya lita 20 ni marufuku kabisa kwa muda huo, hata kama hakuna mtu mwingine nyumbani. Jirani aombwe.

Aliyewekewa vali ya chuma atameza wafarini maisha yake yote, dawa inayozuia damu kuganda. Hapa sukuma wiki inaingia katika hadithi. Ina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo huipunguza nguvu wafarini. Wengine wakisikia hivyo huikimbia sukuma kabisa. Hakuna haja. Ile kiasi kile kile wiki baada ya wiki, wapimaji damu wapange dozi kulingana na sahani yako. Hatari ni kuila kila siku mwezi huu, na mwezi ujao usiiguse. Hatari nyingine iko dukani kwa mtaa: vidonge vya maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Ukivimeza pamoja na wafarini unaweza kuvuja damu tumboni. Hata dawa za kuua bakteria hubadilisha nguvu ya wafarini, kwa hiyo mwambie mwenye duka la dawa kwamba una vali. Na binti mwenye vali anayetamani mtoto azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Tena kuna kuhara. Kwa mtu mwingine kuhara siku mbili ni usumbufu tu. Kwa aliyepasuliwa moyo, anayemeza dawa za presha na vidonge vya kupunguza maji mwilini, kuhara kunaweza kuishusha presha akaanguka, na wafarini ikapanda nguvu. Asingoje siku ya kliniki. Apige simu hospitali au aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na aende na dawa zake zote mkononi. Vilevile choo cheusi kama lami, chenye harufu kali, ni damu iliyovuja juu ya utumbo, na hicho hakingoji hata asubuhi. Ila usisahau kwamba vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mtajie daktari kama unavimeza.

Muda wetu umetutupa mkono. Kipindi kijacho tutarudi kwenye lile jambo la koo tuliloligusa mwanzoni, na kwa nini mtoto aliyewahi kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Mama, msalimie mzee.